Boksi la Nane Litafuata

Maboksi saba yameshuka asubuhi kwa basi la posta.
La nane, asema dereva, litafuata.
Haya. Sisi Tororo tunalijua hilo la kufuata.
Vumbi la saruji limetutangulia kuyasoma,
limekaa kwenye kamba, limejipenyeza pembeni.
Nakata utepe kwa wembe, taratibu,
maana mwaka juzi nilikichana kitabu cha magonjwa ya kuku
na mpaka leo mdondo una dalili, hauna tiba.

Wasemao kitabu kipya hunukia karatasi
hawajafungua boksi lililolala Malaba siku tisa:
hunukia mafuta ya taa, magunia,
na kwa mbali, dagaa.

Kushoto naweka vya kubuni, kulia vya kweli.
Kushoto: hakimu aliyempenda mshtakiwa;
polisi wawili na mbuzi aliyekuwa kielelezo mahakamani;
hadithi za wauguzi wa zamu ya usiku;
na kimoja kinene kama tofali, jalada limebabuka,
hata nikikipindua sijui kinahusu nini.
Kulia: karanga na ukungu wake, kisukari,
sheria ya ardhi kwa lugha nyepesi (si nyepesi hivyo),
historia ya reli, yenye picha.

Emojong wa baiskeli anataka vya kweli tu.
"Uongo ninao wa kutosha, nawauzia wateja."
Mwalimu Nyafwono ana kesi ya mpaka wa shamba.
Mkono huu kashika sheria, mkono ule mbuzi,
na siku ya kwanza kila mtu kitabu kimoja.
Alisimama weee.
Akamchukua mbuzi.
"Kesi," akasema, "imeshaahirishwa."

Halafu Athieno,
ambaye kwa miaka kumi na minne
amepangusa migongo ya vitabu bila kuomba hata kimoja,
akaweka ndoo chini.
Historia ya reli ilikuwa wazi, ukurasa wa themanini na tatu:
wanaume tisa, mataruma begani, jua limewakunja nyuso.
Chini yao: *Vibarua, karibu na Tororo.*
Kidole chake chenye povu hakikugusa karatasi,
kilielea tu
juu ya wa tatu kutoka kushoto.
"Huyu ana jina."

Kanuni ya tatu iko mlangoni, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
*Usiandike ndani ya kitabu.*
Hata ukweli. Hata kwa penseli.
Nikaitazama kanuni, nikaitazama ndoo.
Mwamba, kule dirishani, ulikaa kimya kama kawaida yake.

Lakini kadi ya katalogi si kitabu.
Nikavuta taipureta, ile ambayo R yake hurukia juu,
nikapiga:
OKETCHO, Yonasani. Kibarua wa reli.
Uk. 83, wa tatu kutoka kushoto.
"Niongeze nini?"
Akafikiri. Maji yalidondoka kutoka kiwikoni.
"Hapo yuko peku. Andika: viatu alikuwa navyo.
Alivivua visije vikachafuka."

Nikaandika. *Viatu alikuwa navyo.*
Emojong akauliza kutoka mlangoni
kama hiyo nayo ni ya kweli au ya kubuni,
na hakuna aliyemjibu.
Kadi niliitia kwenye droo, mahali pake,
kati ya Ofisi, taratibu za,
na Oksijeni.

Saa kumi na moja nikafunga madirisha.
Boksi la nane, hola.
Athieno alikuwa amekausha mikono kwa khanga,
mbele na nyuma, kama anayekwenda kupokea mtoto.
Akaomba fomu ya uanachama. Akaijaza bila haraka.
Nikadhani anataka reli.
Akapita rafu ya kweli asigeuke,
akaja na lile tofali.
Nikapiga muhuri.
"Wiki mbili," nikamwambia.
"Nitakuja kukwambia," akasema,
"kinahusu nini."