Siku Arubaini za Fundi Shaame

Alipima kwa hatua, tepu kaiazimisha,
akachomeka penseli sikioni, akasema:
"Siku arubaini. Zikizidi, nidai."
Nikaandika kwenye daftari la deni la marehemu baba:
*Chumba cha chini. Kimeanza Jumatatu, mfungo tano.*

Nyumba yetu hapa Wete imeegemea mlima,
nyuma imekaa, mbele imesimama
juu ya miguu mirefu ya mawe,
na baina ya miguu hiyo mlikuwa na kiza,
magunia ya mbata, baiskeli isiyo mnyororo,
na kuku wa Bi Mgeni akitaga kwa siri.
Humo ndimo tulimotaka kumshusha mama.
Magoti yake yalikuwa yameshaapa:
vidato kumi na saba, basi tena.

Wiki ya kwanza walichimba.
Ya pili wakakutana na jiwe.
Ya tatu bado jiwe.
Ya nne likatoka, na maji nyuma yake,
taratibu, kama mgeni aijuaye njia.
Fundi akayachota kwa kiganja, akayaonja.
"Ya mlima," akasema, "si ya choo. Shukuruni."

Mama yuko juu, sakafu yake ndiyo dari yetu.
Akigonga bakora mara moja: mpo?
Mara mbili: pandeni mnywe chai.
Siku ya arubaini aligonga mara mbili.
Tukanywa, Fundi na mie,
tukazungumza bei ya pweza.

Za mwizi ni arubaini, tunajua.
Za mzazi ni arubaini, tunajua.
Za fundi hakuna aliyezihesabu akamaliza.

Kisha karafuu zikaiva.
Nani atakoroga zege
na pishi inalipwa papo kwa papo?
Vibarua wakapanda mikarafuuni,
Fundi akapanda,
na mie, sisemi uongo, nikapanda.
Tukaanika majamvini mchana kutwa,
wingu likitanda tunazikimbiza chumbani,
chumba kikawa ghala kabla hakijawa chumba.

Kisha saruji.
Saruji ipo Tanga.
Saruji ipo njiani.
Saruji imefika, imerowa, imekuwa jiwe,
na jiwe sisi tunalo.

Kisha masika.
Lipu haiamrishwi kukauka.
Kila asubuhi Fundi aliweka kiganja ukutani
kama mkunga juu ya tumbo,
akafumba macho, akasubiri.
"Bado."
Nilimchukia kwa neno hilo mwezi mzima,
mpaka nilipoweka changu pembeni ya chake
nikahisi ukuta unatoa jasho.

Sakafu ilipomwagwa, kuku alirudi.
Alipita toka mlangoni hadi pembeni,
akatazama, hakuliona kiota chake,
akarudi njia ile ile.
Nyayo zake zipo. Fundi alitaka kuzifuta,
mama akagonga mara nyingi, bila hesabu:
alikuwa amechungulia dirishani akaona.

Akashushwa Ijumaa, kwenye kiti, na vijana wanne,
mlango wa choo ukiwa pazia la kanga,
dirisha moja likiwa na kioo, la pili gunia.
Akakaa. Akanusa.
"Karafuu," akasema.
Akagusa ukuta kwa mgongo wa mkono,
kama anayepima homa ya mtoto,
na hakusema bado.

Nilifungua daftari nikajumlisha:
siku mia sita na kumi na moja.
Nikatafuta pa kuandika *kimekwisha*,
nikakumbuka mlango, nikafunga.

Fundi bado huja. "Wiki moja tu," husema,
na hukaa kitandani mwa mama
wakisemana juu ya watu waliokwishakufa.
Mie niko juu, nasahihisha madaftari ya wanafunzi,
na chini ya miguu yangu
bakora inagonga dari:
mara moja.
Nipo, mama.
Mara mbili.
Nateremka na birika, na vikombe vitatu.