Mistari Ambayo Mashine Huiruka

Wewe utakayerithi skripti hii,
jina lako silijui.
Ukiona mstari umeanza na alama ya reli
jua mashine itauruka, kama mtu arukavyo dimbwi Mtaa wa Uhuru.
Mistari hii ni yako. Isome
kabla hujagusa chochote.

Seva ipo Buguruni, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro.
Kiyoyozi kinavuja; ile ndoo usiihamishe.
Humo ndani mna akiba za mama lishe mia sita kumi na wawili:
elfu mbili, elfu tatu na mia tano,
pesa zilizonuka moshi na vitunguu
zikageuka tarakimu.

Saa nane za usiku mimi nimelala Kitunda,
skripti iko macho.
Kila alfajiri ilinitumia neno moja:
Imekamilika.
Nami nikapiga mswaki kwa amani.

Kisha Aprili. Mvua, umeme ukakatika, ukarudi,
na Kasembe, mlinzi, akachomoa waya mmoja achaji simu.
Ulikuwa waya wa diski ya nakala.
Skripti ikafika, ikakuta folda tupu yenye jina lilelile,
ikashusha mzigo humo, ndani ya seva ileile,
kama mtu anayeogopa moto
akaficha hati ya nyumba chini ya kitanda.
Usiku arobaini na moja.
Imekamilika. Imekamilika.
Wala haikudanganya.

Usiku wa arobaini na mbili seva ikafa na vyote vilivyokuwamo.

Kasembe usimlaumu.
Mimi ndiye sikuifundisha skripti kuuliza.

Aliyekuja kwanza ni Somoe Nampanda, wa supu, Ilala Boma,
na daftari la hesabu la mwanawe wa darasa la tano.
Pembezoni, kando ya desimali na sehemu,
kila shilingi aliyoweka: tarehe, kiasi, saini ya karani.
"Mashine yenu siijui," alisema, "kalamu naijua."
Wakafuata wengine, na migongo ya kalenda,
vipande vya mfuko wa unga, jumbe za simu.
Siku tisa tuliandika upya, vidole vikivimba.
Nakala iliyotuokoa haikuhitaji umeme.

Ndiyo maana mstari wa nne unauliza:
diski ipo kweli, au limebaki jina lake tu?
Ikikosekana, skripti ife palepale, na ife kwa kelele.
Wa saba unakagua vigeu.
Amri ya kufuta, ukiipa jina tupu,
haitafuta kidogo.
Kufuli uliloliona juu ni kwa sababu ya mafahali wawili:
kazi ya jana haijatoka zizini, ya leo isubiri nje.
Nakala mpya hupewa jina la muda,
kama kichanga kabla ya siku ya saba;
ikipimwa, ikalingana na mama yake, ndipo huitwa kwa jina,
na ndipo ile kuukuu huruhusiwa kuondoka.
Si kabla. Hata nafasi ikibana, si kabla.
Moja hulala Morogoro, mbali na mafuriko yetu.
Nywila haimo humu. Usiitafute.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi
chukua mashine tupu, irudishie nakala, kisha mtafute Somoe:
tarehe kumi na moja Machi, elfu tatu na mia tano.
Ukiiona, nenda zako ukale.
Usipoiona, usiondoke.

Lile neno nimelifuta.
Siku hizi alfajiri skripti inafungua nakala yake yenyewe,
inahesabu wanachama waliomo, inanitumia idadi.
Jana: mia sita kumi na wawili.
Leo, nikifungasha vitu vyangu kwenye boksi:
mia sita kumi na watatu.

Simjui.
Mwangalizie.