Siku ya Moshi, Nijmegen

Moshi ulipotoka tulikuwa tunamenya asparaga,
kilo sita, nyeupe, za chakula cha jioni cha parokia
ambayo askofu ataifunga mwezi wa Septemba.
Truus akaacha kisu kwenye beseni. "Mweupe," akasema,
na sote tukatazama mikono yetu kwanza,
kama waliofumaniwa.

Jikoni humu, nyuma ya kanisa, karibu na mto Waal,
tumewasubiri mapapa kwenye runinga hii hii
yenye mstari wa kijani upande wa kushoto.
Mmoja tulimpigia makofi, tukanunua keki.
Mmoja Lambert alimzima kabla hajamaliza kubariki,
akatoka nje kuvuta sigara, mkewe akamfuata na koti.
Lambert alikuwa padre miaka kumi na mmoja.
Hata sasa hunyanyua kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto.
Hawakusema kama ni wa kupikia
au wa kuunguza nyumba.

Saa nzima pazia halikutikisika.
Wakaingia Sjef na Reinout, vitabu vya kwaya kwapani,
sauti ya tatu na sauti ya nne,
miaka thelathini na minane chini ya paa moja.
Wamesimamia ubatizo wa watoto kumi na wawili,
na lao halijatangazwa hata kwa kunong'ona.
Reinout hakuketi. Alisema ni magoti.
Si magoti.

Kisha jina, kwa Kilatini. Hakuna aliyelijua.
Tukachomoa simu kama watu wanaopapasa ufunguo gizani:
alisema nini, wapi, mwaka gani,
kuhusu wanawake, kuhusu waliotalikiwa,
kuhusu hawa wawili waliosimama mlangoni?
Gerda akapata sentensi moja nzuri. Akaisoma mara mbili.
Truus akapata nyingine, ya mwaka uleule,
akailaza simu kifudifudi
katikati ya maganda.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lakini mimi, nyumba hii, miaka yote hii,
sijaambiwa kama ni mwenyeji.
Nimezika watu mia nne na kitu.
Nina shahada ya teolojia, ufunguo wa sakristia,
na barua ya askofu inayoniita msaidizi.

Akatokea kibarazani. Gerda akalia.
Truus akaikagua lesi ya kanzu, safu kwa safu.
Mimi niliona mkono tu:
alipunga kama mtu aliyeazimwa mkono.

Simu ya ukutani ikaita. Bi Aleida,
kule nyumba ya wazee, anaomba padre.
Padre ni mmoja kwa parokia saba,
na jioni hiyo alikuwa mbele ya kamera
akieleza furaha yetu.
Nikachukua baiskeli.

Kengele za mji zilikuwa zinagongana.
"Za nani?" akauliza. Papa mpya, nikamwambia.
"Ni mwema?"
Ningeweza kumsomea ile sentensi nzuri.
Ningeweza kumsomea ile nyingine.
"Sijui bado," nikasema, na akaridhika,
au alichoka.

Akafungua viganja.
Mafuta ya wagonjwa si yangu kuyagusa;
kanuni hiyo naijua hadi namba yake.
Kabatini palikuwa na chupa ya mafuta ya mikono,
ya dukani, yenye harufu ya mrujuani.
Nikampaka paji la uso, kisha viganja, polepole,
nikisema maneno ambayo si yale,
ila yanakaa mtaa mmoja na yale.

"Amina," akasema, kama mtu anayefunga dirisha.
Kengele zikanyamaza, moja ikichelewa.
Kisha, macho yakiwa yamefumba:
"Unanuka asparaga.
Mmeniwekea?"