Kubangua

Newala. Umeme umerudi saa nane usiku,
Somoe anabangua msimbo.
Mtego wake ndani ya kiini cha mfumo
ulishavimba: kufuli juu ya kufuli,
mlinzi akimlinda mlinzi.

Ghala la korosho lilimfunza mapema:
makarani wawili, daftari moja.
Wote walisoma tisa,
wote wakaandika kumi,
gunia la kumi na moja
likapotea bila mwizi.

Basi anafuta. Mtego ni huu tu:
tia alama, subiri kidogo, tazama tena.
Pamebadilika? Nani kapita?

Maganda, mistari mia mbili.
Kilichobaki kinaenea kiganjani.

Anauwasha.
Jogoo wa akina Mchopa hajawika,
mtego unalia:
mkosaji wa kwanza,
kazi ya Somoe, mwaka jana.