Bambo

Miaka ishirini na sita nanunua mpunga Ahero.
Sifungui gunia. Nalichoma bambo ubavuni,
zinateremka punje za kujaa kiganja,
nang'ata moja: ikikatika ka! imekauka;
ikibonyea, miezi mitatu tu na ghala litanuka.
Kiganja hicho kinatosha kuamulia bei ya kilo mia.

Leo Kisumu, ghorofa ya pili, gunia ni mimi.

Tangu jana sijagusa chai wala kahawa.
Nimekimbia juu ya mkanda usiofika popote,
nyaya kifuani, viatu vya kuazima kwa shemeji.
Jerotich, binti wa mashine, akanishika mshipa:
"Dawa ni ya nyuklia, lakini tunatia kidogo,
kidogo kuliko zamani. Kamera ya sasa ina macho makali."
Kidogo kiasi gani? Akacheka. "Wewe kunywa maji,
na leo usimpakate mjukuu."

Nikalala, mkono wa kushoto juu ya kichwa,
kama mtu aliyesalimu amri nusu.
Kitu kikanizunguka kifua bila haraka,
kama mnunuzi ambaye hajataja bei.
Nikamkumbuka Osuri, ndugu yangu,
aliyeanguka juu ya turubai, reki mkononi,
miaka hamsini na mmoja, mpunga umemganda shavuni.
Asubuhi ile alikula akashiba.
Yeye hakuna aliyemchoma bambo.

Dakta Wabwire akageuza kioo nione:
pete za rangi ya machungwa, zimefunga, hazina pengo,
za wakati wa mbio na za wakati wa kutulia.
"Watu mia wenye picha kama hii," akasema,
"mwaka mzima ukipita, tisini na tisa
hawaletwi hapa kwa machela."

Na huyo wa mia?

Akanyamaza. Sikumlaumu; naijua kazi hiyo.
Bambo husemea gunia. Halisemei punje.
Nimewahi kununua kwa kiganja kizuri,
nikamwaga, nikakuta chini kabisa, pembeni,
konzi ya mapepe iliyokuwa imejinyamazia.
Nililaani siku nzima.
Bambo sikulitupa.

Nyumbani mjukuu akanikimbilia.
Nikarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni.
Akeyo akaona, uso ukambadilika,
mwiko ukasimama sufuriani. "Wamesemaje?"

"Wamechoma, wameng'ata," nikamwambia.
"Wamenunua."