Kuanikwa

Miaka ishirini na sita nimekausha majani ya watu.
Zamu ya usiku, kiwanda cha chai, chini kidogo ya Tukuyu:
mimi na mashine, mimi na mvuke,
na taa ya mrija inayokoroma kama mgonjwa.
Asubuhi natoka, na asubuhi ya Rungwe mnaijua,
ni mvua, au ukungu unaosubiri kuwa mvua.
Nalala mchana, pazia limefungwa.
Jua lilikuwa la wengine, wenye mahindi ya kuanika.

Sukari ilinikuta na miaka hamsini na moja.
Sikuitangaza. Niliitia mfuko wa koti
pamoja na vidonge na leseni ya pikipiki.
Nikaacha kuweka sukari kwenye chai,
nikadhani tumemalizana.

Kisha mzani ukaanza kunidanganya.
Nane ikawa tatu. Tatu ikafumba mdomo ikawa nane.
Ambilikile, karani kijana, akaniuliza kwa adabu:
"Mzee Mwakalobo, leo umevaa miwani ya nani?"
Sikuwa nimevaa kitu.

Rufaa, Mbeya. Benchi refu, matone, subiri, matone tena.
Daktari Tulinagwe akanionyesha picha ya ndani ya jicho langu:
chungwa lililoiva, lina madoa,
na vijito vyekundu vinavyopoteza kingo.
"Vishipa vinavuja," akasema.
Nikamwelewa haraka. Bati langu ni la mwaka sabini na tisa.
Najua doa linavyoanza, dogo kama dengu,
halafu usiku mmoja unaamka godoro limelowa.

Akafunua karatasi ya pili, ya damu.
Vitamini D, ile ya jua, iko chini.
"Chini kiasi gani?"
"Kama mtu anayeishi ndani ya gunia."
Nikauliza: ndiyo iliyonitoboa macho?
Akavua miwani yake.
Nilimpenda kwa sababu hakukimbilia kujibu.

"Wengi wenye sukari walioharibika macho
tunakuta imepungua.
Lakini wawili kuongozana njiani
si kusema mmoja kamtuma mwenzake.
Wewe mtu wa Rungwe,
ukungu na mvua, nani kamzaa nani?"

Sikuwa na jibu. Baba yangu naye alikufa bila kulipata.

"Basi sukari kwanza. Presha. Leza, Alhamisi.
Kidonge hiki, usiongeze chako.
Na jua, kidogo, mikono ikiwa wazi."

Nikatoka nje, mboni zimeachwa wazi
kama mlango wa mfiwa,
na Mbeya siku hiyo ilikuwa jua mpaka kwenye mifereji.
Likaniingia lote kwa mara moja.
Mlima Loleza ukawa shuka jeupe.
Nikajifunika koti kichwani, machozi yananitiririka barabarani,
mtu aliyetoka kuandikiwa jua,
analikimbia jua.

Sasa Subilaga ameniwekea kiti uani,
kati ya mkeka wa maharage na turubai la mahindi.
Saa nne anakuja kuyageuza mahindi, ananigeuza na mimi.
Jirani anachungulia juu ya ua:
"Ugonile, baba! Umekauka?"
Bado, namwambia. Nina maji ya miaka ishirini na sita.

Jicho la kulia limesimama pale lilipofika.
La kushoto lina kitu cheusi kinaelea,
kama jani lililoponyoka chujio.
Nikilifuata, linakimbia.
Nikitulia, linarudi kukaa nami.
Hakuna aliyeniahidi kwamba litaondoka.

Kichwani kwa mlima wingu limeanza kukunjuka.
Sihitaji macho kulijua, nasikia harufu yake.
Subilaga anatoka jikoni anakimbia, kanga mkononi:
maharage kwanza,
mahindi,
shuka mbili za kwenye kamba.

Mimi ananianua mwisho.