Kiputo Kitupu

Kapteni alikuja Igogo na gari lisilo na namba,
akauliza ni nani pale chapani huchora katuni za sabuni.
Baba akainua mkono wenye gundi.
Yeye alizoea mama mmoja mwenye furaha, na beseni,
povu likipanda hadi kwenye bei.

Sasa achore askari wa ng'ambo.
Picha nane, karatasi nyepesi ya kukunjika mfukoni.
Ya kwanza ana njaa. Ya pili mkubwa wake anatafuna kuku.
Ya tano anatupa bunduki.
Ya nane yuko kwao, mkewe anapakua.
"Na usimchore kama nyani," Kapteni alionya.
"Mtu hajisalimishi kwa anayemcheka sura."
Baba husema hilo ndilo neno pekee la vita
alilolikubali kabla noti hazijahesabiwa.

Hakuwa na mfano. Akamchora mjomba Bulemela,
pengo na yote,
na shati lake la kuendea mnadani.
Mke akampa uso wa mama.
Nyumba akaizungushia mawe yetu ya Mabatini,
yale yanayopandana bila adabu.

Maneno yangefuata, kwa lugha yao.
Hayakufika. Mfasiri aliugua, au alitoroka,
au hakuwahi kuwepo.
Mashine ikanguruma usiku kucha
nami, mwenye miaka tisa, nikatenganisha karatasi mbichi,
kila kinywa kikitoa kiputo cheupe,
kitupu kama ganda la yai.

Magunia kumi na manne, boti la samaki, Kirumba.
Ziwa halikuuliza ni mzigo gani.

Vita vikaisha. Redio ikarudi kwenye mpira.
Baba akarudi kwenye povu,
na baiskeli mpya ambayo hatukuizungumzia.

Mwaka wa tatu akaja mtu, Mugoya,
akitafuta kazi ya kushona vitabu.
Mjomba Bulemela alikuwa barazani anapuliza chai.
Yule mtu akasimama. Akashika mlango.
"Kumbe," akasema,
"kumbe ulifika nyumbani."

Akatoa karatasi, mikunjo yake imekuwa matundu.
Viputo vyote vimejaa mwandiko.
"Tulikuwa sita handakini, na kalamu moja.
Kalamu ya risasi," akacheka peke yake.
"Kila mmoja akamjazia huyu mtu maneno yake.
Wanne tukatoka, mikono juu.
Mmoja aliandika matusi tu, akabaki.
Wa sita sijui aliandika nini, alifuta."

Baba akauliza, kwa sauti ya mdeni,
kama kwake alikuta watu.

"Kwetu hakuna mawe," Mugoya akajibu.
"Wala sasa hakuna nyumba.
Nikaona bora niyatafute haya."

Mama, ambaye hapendi mgeni asiye na taarifa,
aliitazama picha ya nane muda mrefu,
uso wake, upawa wake,
kiputo chake kwa lugha asiyoijua.
"Nimesema nini hapa?"

Mugoya hakutafsiri.
Mama akaingia jikoni. Tukasikia mfuniko.